Taulo Juu ya Taipureta

Jina la Bi Nukta hakupewa na wazazi wake. Alilipata kwa walimu wa shule aliyokuwa karani na mpiga chapa wake, na sababu ilikuwa moja: ukimpelekea barua yenye sentensi ndefu kama kamba ya kuanikia nguo, atakurudishia imekatwa vipande vinne, kila kipande na nukta yake, na ole wako ulalamike. Mwalimu mkuu mwenyewe alimwogopa. Siku moja aliandika waraka wa wazazi akasahau kumalizia sentensi ya mwisho, Bi Nukta akamfuata mpaka uwanjani, mbele ya wanafunzi, akamwuliza, "Mwalimu mkuu, hawa wazazi unawaita waje kufanya nini? Hujasema."

Miaka ishirini na sita alipiga chapa maneno ya watu. Ratiba, ripoti, barua za kuwaita wazazi wa watoto watukutu, na mitihani, mitihani, mitihani! Vidole vyake vilikuwa na sifa mji mzima. Vilikwenda vyenyewe, macho yakiwa dirishani, na ni nadra vikosee. Vikikosea sasa, hapo ndipo penye kisa. Wapiga chapa wengine wakikosea hupaka tipeksi, hupuliza, maisha yanaendelea. Bi Nukta alichomoa karatasi, akaichana, akaanza upya kutoka juu. Kwa herufi moja tu! Chupa ya tipeksi aliyopewa siku ya kwanza kazini ilikaukia kwenye droo bila kufunguliwa, naye aliionyesha kwa wageni kama watu wengine wanavyoonyesha kombe la mpira.

Mtu wa namna hiyo, nawaulizeni, anaandikaje riwaya?

Maana alikuwa na riwaya kichwani. Msicheke. Alikuwa nayo tangu kifungua mimba wake hajaota meno, na sasa kifungua mimba huyo ana ndevu na anakaa mji mwingine. Ilianza na mwanamke fundi wa funguo anayeitwa kufungua mlango wa nyumba isiyokaliwa na mtu. Anafika, anatoa vyuma vyake, anapiga magoti, anaingiza kimoja tunduni. Kabla hajakizungusha, sauti kutoka ndani inamwambia, "Umechelewa."

Haya, umechelewa, halafu? Halafu hakuna. Mara nne katika miaka ishirini na mitatu Bi Nukta alikaa kuandika, na mara nne aliishia ukurasa wa tatu. Si kwamba maneno yalimwishia. Maneno yalikuja, lakini kila yakija mawili, yeye alirudi kuyakagua matatu ya nyuma. Hili halijanyooka. Lile limekaa vibaya. Hapa pana kosa. Karatasi nje, chwaa, karatasi mpya, na tena kutoka mwanzo: "Siku fundi wa funguo alipoitwa..." Ukurasa wa kwanza ulikwisha kupigwa chapa zaidi ya mara mia, ukang'aa kama sahani ya wageni, na yule mwanamke bado amepiga magoti mlangoni.

Watu wawili ndio waliojua habari hii. Wa kwanza ni mume wake, fundi saa, mtu mpole mwenye duka katika chumba cha mbele cha nyumba yao, ambaye alisomewa kurasa hizo tatu mpaka akazijua kwa moyo. Wa pili ni dada yake mkubwa, mkunga, aliyestaafu hospitali lakini mdomo wake haujastaafu. Kila akija, hata salamu hazijaisha, angeuliza, "Yule mwanamke wako bado yuko mlangoni? Maskini, magoti hayajamvimba? Si umpe hata kigoda!"

Bi Nukta alicheka naye, lakini kicheko cha meno tu. Alikuwa na miaka hamsini na miwili na alikwisha kuanza kuogopa. Aliogopa kwamba ndani ya nyumba ile hakuna mtu. Aliogopa kwamba atakufa ameacha kurasa tatu zisizo na kosa hata moja, na basi.

Ndipo ikaja likizo ndefu, na pamoja nayo ikaja habari kwamba muhula ujao shule italetewa kompyuta, na taipureta imeshapata mnunuzi. Bi Nukta aliingia ofisini kwa mwalimu mkuu bila kubisha hodi.

"Naomba niazime mashine likizo hii, mwalimu mkuu."

"Kwa kazi gani, mama?"

"Kazi yangu."

Mwalimu mkuu alimtazama usoni, akaona hapana maswali hapo. "Wiki tatu," alisema. "Siku ya kufungua shule iwe hapa, mnunuzi anakuja asubuhi."

Wiki tatu, siku ishirini na moja, na baada ya hapo mashine haipo. Bi Nukta aliibeba kwa teksi pamoja na katoni ya sabuni iliyojaa mitihani ya zamani, ambayo upande mmoja ina maswali na upande wa pili ni nyeupe. Akaiweka kwenye chumba cha nyuma, juu ya meza, mbele ya dirisha, akakaa. Moyo ulikuwa unamwenda kama wa bibi harusi.

Siku ya kwanza alichana karatasi kumi na moja. Siku ya pili, kumi na tisa. Siku ya tatu alikuwa amechana nyingine saba, na siku zimebaki kumi na nane, mara hodi! Mwalimu mkuu huyo, jasho linamtoka, mkononi ana mtihani wa hesabu. Mwalimu wa hesabu amegundua swali la sita halina jibu, mtihani lazima upigwe upya, tena sasa hivi, na mashine iko kwa nani? Iko kwake.

"Mwalimu mkuu, niko likizo."

"Mama, nakuomba. Nakushika miguu."

Basi akakata stensili. Kwa asiyezijua, stensili ni karatasi za nta. Ubavuni mwa taipureta kuna kijiswichi. Ukikisogeza kwenye alama nyeupe, utepe wa wino unalala, na herufi za chuma zinapiga zenyewe, bila wino, zikikata ile nta. Kisha wino hupitishwa kwenye mikato kwa mashine ya kutolea nakala. Bi Nukta alimaliza kwa nusu saa, akampa mwalimu mkuu stensili zake, akamfungia mlango mgongoni. Alikuwa na hasira kiasi kwamba angeweza kuuma chuma. Hasira za kumkasirikia mwalimu mkuu zilikuwa kidogo tu. Nyingi zilikuwa za kujikasirikia mwenyewe. Stensili za watu nusu saa, ukurasa wake wa tatu miaka ishirini na mitatu!

Hapo hapo dada yake akaingia kwa mlango wa uani. Akakuta sakafu imejaa vipande vya karatasi na mdogo wake ameshika tama.

"Yuko mlangoni?"

"Dada, leo usinianze."

Mkunga aliinama, akaokota kipande, akakisoma, akakigeuza. "Hiki kina kosa gani?"

"Nimeandika 'fugua' badala ya 'fungua'."

"Ukachana?"

"Nikachana."

"Ehee." Mkunga alikirudisha kipande sakafuni. "Mdogo wangu, mimi nimezalisha miaka thelathini na mmoja. Nimeona wanaotukana, wanaoimba, wanaong'ata. Lakini sijaona mama anayemtoa mtoto kichwa, anamtazama, anasema ah, pua imekaa vibaya, anamrudisha tumboni aanze upya!"

Bi Nukta alitaka kununa, kicheko kikamponyoka.

"Uchungu ukishaanza," dada yake aliendelea, "mama haulizwi jina la mtoto. Anaambiwa neno moja tu: sukuma. Mtoto atoke kwanza, na uchafu wake. Kuoshwa ni baadaye. Kupimwa ni baadaye. Wewe unamvisha mtoto kofia akiwa bado ndani! Mkamia maji hayanywi, mama."

"Nikiona kosa siwezi kupita, dada. Mkono unachomoa wenyewe."

"Basi usione."

Akainuka, akaenda kwenye kamba ya nguo, akarudi na taulo la bluu la kuogea, akalitandaza juu ya taipureta. Akarudi nyuma hatua mbili, mikono kiunoni. "Vidole vyako havihitaji macho. Si ndiyo sifa yako siku zote? Haya."

Wote wawili walilitazama lile taulo. Fundi saa aliitwa aje aone. Akatikisa kichwa kwamba litanaswa na herufi, akaenda dukani kwake, na baada ya dakika tano akarudi na waya wa henga ya nguo alioukunja ukawa kibanda kidogo cha kulibeba taulo juu juu. Wakapanga sheria. Karatasi ikijaa, Bi Nukta ataichomoa kwa kupapasa, ataiweka kifudifudi kwenye katoni, ambayo wameimwaga karatasi zake kitini, upande wa mitihani ukitazama juu. Hataigeuza. Hatasoma hata neno moja mpaka afike mwisho, na wala hatamsimulia mtu, maana hadithi ikisimuliwa kabla haijaandikwa inakauka.

Akaingiza mikono chini ya taulo. "Siku fundi wa funguo alipoitwa..."

Jamani, ikaenda! Ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu, na hakuna cha kurudi nyuma kwa kuwa nyuma hakuonekani. Alikosea, alijua kabisa amekosea, kidole kilimwambia, na mkono ukaruka kwenda kuchomoa ukakutana na taulo. Akapita. Alipopita kosa la kwanza alihisi kizunguzungu, kama mtu aliyeruka mtaro mpana. La pili halikumtisha sana. La tano hakuligundua. Halafu akasikia karatasi imekwisha, akaingiza nyingine, na fundi saa kule mbele akasikia ukelele uliomfanya adondoshe skrubu ambayo hajaiona mpaka leo.

"Wa nne! Baba watoto, niko ukurasa wa nne!"

"Ameingia?" fundi saa aliuliza kutoka dukani.

"Sisemi!"

Kuanzia hapo nyumba ile haikuwa nyumba tena. Bi Nukta aliamka alfajiri maneno yakimngoja kitandani, akapiga mswaki kwa mkono mmoja huku wa pili ukicheza hewani. Alikaa kwenye meza saa moja asubuhi na kuinuka saa tisa. Watu walijitokeza bila kuitwa. Mpiga tarumbeta mmoja mzee aliingia ukurasa wa kumi na tisa kuomba maji ya kunywa tu, akakataa kutoka. Akanywa maji, akakaa, akaoa. Bi Nukta hakumpangia kuoa! Alicheka peke yake chumbani mpaka mkunga akaja kuchungulia. Kesho yake alilia, machozi yakadondokea taulo, na vidole havikusimama. Alijisikia kama mtu anayekimbizana na mtoto wake kilimani, hana pumzi, ana furaha, na mtoto hataki kushikwa.

"Dada, hili jambo si langu," alimwambia mkunga siku ya sita, macho yanang'aa. "Mimi napokea tu. Linakuja lenyewe!"

"Sukuma," mkunga alimjibu.

Fundi saa alijua kuna kitu kimoja ambacho mume wa mwandishi anaweza kufanya, nacho ni kuzuia kelele. Dukani kwake kulikuwa na saa za mezani kumi na moja zenye kengele, na saa mbili za ukutani zinazogonga. Akazisimamisha zote. Wateja walishangaa. "Fundi, saa zako zote zimekufa?" Akawajibu kwamba zinapumzika. Upishi nao aliuchukua yeye, akapika maharagwe ambayo upande wa chini yalikuwa makaa, na Bi Nukta akayala, akaomba tena, kwa kuwa hakujua anakula nini.

Mkunga alijiteua mlinzi. Aliweka kiti chake barazani, akashona, na kila jirani aliyekuja na barua ya kupigiwa chapa alipewa jibu moja: "Yuko leba. Njoo baada ya wiki mbili." Kwa miaka yake ile! Habari zikatambaa mtaani upesi kuliko moshi. Mpaka siku ya tisa kinyozi wa ng'ambo ya barabara alivuka, akamshika fundi saa mkono kwa mikono miwili, akamwambia kwa sauti ya chini, "Hongera, ndugu yangu. Mungu hana kustaafu." Fundi saa hakumsahihisha. Alisema ahsante.

Na mashine yenyewe ilikuwa inaimba. Mlio wake ulikuwa mkali kuliko siku zote, ta-ta-ta kama mvua ya mawe juu ya bati. Bi Nukta aliusikia, akaupenda. "Na yenyewe imefurahi," alisema. "Miaka yote nimeilisha ratiba!"

Siku ya kumi na tano chini ya taulo, saa nne asubuhi, alipiga chapa neno *mwisho*, akapiga nukta, na mikono ikamwangukia mapajani. Nje mtu alikuwa anafagia. Bi Nukta alikaa akisikiliza ule ufagio, akashangaa kwamba dunia ilikuwapo muda wote. Kisha akapiga kelele ambazo hata kinyozi alizisikia.

Walikusanyika chumba cha nyuma. Fundi saa alifunga duka, akavaa shati safi. Mkunga alileta soda tatu. Bi Nukta akaweka mikono chini ya katoni, akahesabu moja, mbili, tatu, akaipindua juu ya meza, ili ukurasa wa kwanza uje juu na maandishi yatazame dari. Akaiinua katoni.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa mweupe.

"Huu niliuweka kimakosa," alisema, akautoa. Wa pili mweupe. Wa tatu. Akachomoa wa katikati, mweupe. Wa chini kabisa, mweupe. Akaanza kuzitawanya kwa mikono miwili, nyeupe, nyeupe, nyeupe, karatasi mia mbili na tisa. Mume wake alikuwa bado ameshika soda. Bi Nukta aligeuka, akalivuta taulo na waya wake, akatazama ubavuni mwa taipureta. Kijiswichi kilikuwa kwenye alama nyeupe, pale pale alipokiacha siku ya swali la sita.

"Stensili," alisema. "Sikurudisha utepe."

Akakaa sakafuni. Hakulia kwanza. Alisema maneno kwa haraka, kama anayesoma tangazo. "Siku zilizobaki ni nne. Hata zingekuwa mia. Siwezi kuirudia, mnaelewa? Sikuitunga, ilikuja. Najua nani alikuwa ndani, najua nani alikufa, lakini maneno yenyewe siyajui, sikuyaona hata mara moja! Mpiga tarumbeta alisema jambo moja, jambo zuri, nililia. Alisema nini? Sikumbuki!" Hapo ndipo alipolia, kilio cha mtu mzima, cha aibu na uchungu. "Maji yakimwagika hayazoleki. Mimi na kujitia sina kosa!"

Fundi saa alisimama hajui aweke wapi mikono yake. Mkunga mwenyewe alipauka. Mzaha wote ulimkauka mdomoni, maana taulo lilikuwa lake. Aliinama, akaokota karatasi moja, akaishika kama alivyozoea kushika kilichotoka kimya.

"Mtoto asipolia," alisema polepole, "mkunga hasemi amekufa. Anamgeuza kwanza." Akaigeuza ile karatasi. Akapitisha kidole gumba juu ya mtihani wa zamani wa jiografia. Akapitisha tena. "We! Njoo uguse hapa."

"Niache, dada."

"Nimesema guse!"

Bi Nukta aligusa. Chini ya kidole chake kulikuwa na vipele, vidogo, vimepangwa mstari juu ya mstari. Mkunga aliinyanyua karatasi dirishani, na mwanga ukapenya matundu madogo madogo: kila herufi o ilikuwa imetobolewa kama kwa sindano. Kumbe chuma kilikuwa kimepiga kweli! Wino tu ndio haukupigwa.

Fundi saa alizoa karatasi mikono miwili, akaenda nazo dukani karibu kukimbia. Akafunga dirisha, akashusha pazia, akaivuta taa yake ya kazi akailaza mpaka ikagusa meza, mwanga ukapita juu ya ukurasa kwa ubavu. Akabana jichoni kile kilenzi chake cha kutazamia magurudumu ya saa, akainama.

"'Siku fundi wa funguo,'" alisoma, "'alipoitwa kufungua mlango wa nyumba isiyokaliwa na mtu...'"

"Muongo!" mkunga alipiga kelele. "Shemeji, huo unaujua kwa moyo, hata mimi naujua! Usimpe mwenzio tumaini la bure. Soma wa mbele!"

Akapekua akitazama namba zilizopigwa juu, akachomoa wa kumi na tisa. Aliusogeza ukurasa huku na huku mpaka vivuli vikakaa vizuri ndani ya mashimo ya herufi. Akasoma neno neno, kwa sauti ya mtu anayehesabu meno ya gurudumu.

"'Mzee... akaweka tarumbeta yake... juu ya meza. Akasema, Sikuja kupiga. Nimekuja... kwa sababu huu ndio mlango pekee... ambako sikuwahi kufukuzwa.'"

"Ndilo hilo!" Bi Nukta aliruka mpaka saa za ukutani zikatikisika. "Ndilo alilosema! Yupo! Dada, yupo, yuko hai!" Akamkumbatia mkunga, mkunga akamkumbatia fundi saa na kilenzi chake, wakawa wanarukaruka gizani mle dukani kama watoto waliofungiwa pamoja na pipi.

Siku nne. Kwa mtu mwingine si kitu, lakini kwa vidole vile siku nne ni nyingi. Walihamishia taipureta dukani. Bi Nukta alirudisha kijiswichi kwenye alama nyeusi, akajaribu herufi moja, akaitazama, akajaribu nyingine, akaitazama tena. Mkunga alipanga kurasa kwa kuzishika kwenye dirisha la chumba cha nyuma na kusoma namba zake. Fundi saa akakaa chini ya taa. Yeye atasoma, mke wake atapiga chapa. Miaka ishirini na sita alipiga chapa maneno aliyosomewa na watu. Leo anasomewa yake.

Kurasa tatu za kwanza zilikwenda mbio, maana mumewe alizijua. Katikati ya wa pili alisita. "Hapa umeandika 'fugua'."

Mkono wa Bi Nukta uliruka kwenda kuchomoa karatasi. Wote waliuona. Ukasimama hewani, ukarudi.

"Nimeshaweka 'fungua'," alisema. "Endelea. Si ndiyo baadaye yenyewe hii, dada?"

"Ndiyo hii," mkunga alisema. "Mwoshe."

"Ukurasa wa nne," Bi Nukta alisema, akaingiza karatasi, akaweka vidole tayari.

Fundi saa aliuvuta ukurasa chini ya taa. Akaukaza uso, akafungua mdomo, akaufunga. Jicho lake lenye kilenzi likaanza kwenda kushoto, kulia, kushoto, kulia. Muda ukapita.

"Soma basi."

Fundi saa alifika chini ya ukurasa, akaunyoosha mkono bila kutazama, akauchukua wa tano.

"Baba watoto! Mimi nimekaa hapa nangoja kupiga chapa!"

Kushoto, kulia. Midomo yake ilikuwa inacheza kidogo, nyusi zimempanda, na ukurasa wa tano ukawekwa kando, wa sita ukavutwa. Bi Nukta alimtazama mume wake aliyezisikia zile kurasa tatu mara zisizo na hesabu, na kila mara akasema nzuri, mke wangu, nzuri, kisha akarudi kwenye saa zake. Akatoa vidole kwenye mashine. Akavifumbata mapajani kwa furaha, na mashine akaiacha ingoje.

Mkunga ndiye aliyeshindwa. "Shemeji, nakuuliza wewe! Mlango umefunguka? Ndani kuna nani?"

Fundi saa aliinua kidole kimoja, kichwa hakukiinua.

"Nyamazeni," alisema. "Ndiyo kwanza anaingia."